Kalunde, Mwalimu Aliyekataa Kufuta Jina la Syokau

Mwaka wa kwanza bila wewe umekwisha, Mama Mutindi. Ulituacha kule Nuu, Jumanne ile ya Aprili 1994, tukakuleta nyumbani Kikima tukakulaza karibu na mama mkwe wako. Watu wakiweka tangazo kama hili husema marehemu alikuwa mpole. Wewe hukuwa mpole. Ulikuwa mwema, na mumeo Kilonzo, aliyeshika kalamu kwa niaba yetu sote, anataka wasomaji wajue kwamba hayo ni mambo mawili.

Jumapili hii tutakuwa na ibada ya kukukumbuka, na tayari kuna bwana ametuma salamu kwamba anaomba nafasi ya kuzungumza juu yako. Ni yule yule aliyekuwa hedimasta wako. Jina lake hatuliandiki, gazeti lina kazi nyingine za kufanya. Tangazo hili ndilo jibu lake, na atakayelisoma amsomee, kwa maana yeye husoma tu mahali palipo na jina lake.

Tunakukumbuka ukiitafuta kalamu nyekundu nyumba nzima, nayo imechomekwa kwenye nywele zako. Tunakukumbuka ukisuka kikapu cha kyondo huku watoto wa watu wakikusomea, na vidole havikusimama mpaka mmoja akosee. Chai yako haikuwa na sukari, na mgeni aliyeuliza sukari ulimwelekeza dukani.

Miaka ishirini na sita ulifundisha Kiingereza, na katika Kiingereza ulijulikana kwa jambo moja: mimi, wewe, yeye. Kikamba chetu hakitengi mwanamume na mwanamke, neno moja linawatosha wote. Basi mtoto wa huku kwetu Mbooni akiandika insha ya Kiingereza, mama yake anaanza akiwa mama na kufika mwisho akiwa na ndevu. Walimu wengine walichapa. Wewe ulipanga viti vitatu mbele ya darasa. Aliyekaa cha kwanza alijisema mwenyewe. Akihamia cha pili, wenzake walimwambia neno uso kwa uso. Akifika cha tatu alinyamaza, wakamsema kana kwamba hayupo. Kila mtoto alizunguka viti vyote, hata watoto wa wazee wa kanisa. Ulisema mtu ambaye hajakaa kiti cha tatu hawezi kujua maneno hayo yana uzito gani.

Hedimasta hakuvipenda viti. Dawa yake ya lugha ilikuwa kibao: kipande cha mbao chenye kamba, alichovalishwa shingoni mtoto yeyote aliyesikika akisema Kikamba. Huyo naye amvizie mwenzake akosee, amwachie, na jioni wote waliokivaa wapange foleni ya kiboko. Bwana mkubwa mwenyewe aliwafokea mbuzi wake kwa Kikamba, akagombana na mkewe kwa Kikamba, na Jumapili akamwomba Mungu kwa Kikamba. Sijui ni kwa nini kibao hakikumfikia hata siku moja. Labda shingo yake ilikuwa nene mno.

Mwaka wa 1988 alikuja Syokau, msichana wa darasa la nane aliyelelewa na nyanya yake huko chini kwenye ukame. Kibao kilimkaa shingoni siku baada ya siku, kwa kuwa hakuwa na roho ya kumvizia mtu amwachie. Ulipomkalisha kiti cha kwanza alilia. Kesho yake pia. Wiki ya tatu akafungua kinywa akasema, kwa Kiingereza, kwamba anaitwa Syokau na anataka kuwa nesi. Mumeo alikuwa karani wa stesheni ya reli ya Emali na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mwezi ule alisimuliwa habari ya Syokau mara tatu kabla ya kupakuliwa sahani yake ya muthokoi.

Kisha zikaja fomu za mtihani. Shule ilikuwa ya pili katika tarafa, naye hedimasta alitaka kuwa wa kwanza. Njia yake haikuwa kufundisha, hiyo ni kazi ngumu. Njia yake ilikuwa kuwafuta wale aliowaona wazito, warudishwe darasa la saba, wasije wakamharibia hesabu. Mwalimu wa darasa alitakiwa atie sahihi mbele ya kila jina lililofutwa. Jina la Syokau lilikuwa la kwanza. Ulimrudishia karatasi bila sahihi. Akakuambia kuna mahali walimu wenye kichwa kigumu hupelekwa wakapoe. Ukamjibu, "Mpeleke mwalimu popote unapotaka. Msichana atafanya mtihani."

Alifanya. Alipita akaitwa sekondari. Januari barua yako ya uhamisho ikafika, Nuu, mwendo wa siku nzima kutoka kwako. Miaka mitano ulifundisha kule, ukapanga viti vyako vitatu, na watoto wa wafugaji nao wakazunguka. Ulipougua, Qamar, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuletea maziwa kila siku na kukufulia nguo. Gari la kukupeleka hospitalini Mwingi lilisimama ukingoni mwa mto uliofurika kutwa nzima maji yakipita. Hukuvuka.

Na sasa wasomaji wasikie mambo ya mazishi yako. Bwana yule alishika maiki dakika ishirini na tano. Alisema yeye ndiye aliyegundua kipaji chako. Alisema viti vitatu vilikuwa mpango wa shule. Akasimulia habari ya msichana maskini ambaye "tulimpigania mpaka dakika ya mwisho," na sauti ikamkwama kidogo, muungwana wa watu. Koo lilipokauka aligeuka akamtuma dada mmoja aliyesimama nyuma yake amletee soda. Dada yule ndiye Syokau, aliyetoka chuo cha manesi kwa ruhusa ya siku mbili. Alimletea, akamfungulia. Jamaa alikunywa bila kumtazama, akaendelea kumpigania.

Kwa hiyo jibu letu ni hapana. Alikusemea ulipokuwa jenezani, hatakusemea tena. Aje kama anataka, akae, anyamaze, apewe wali kama mgeni mwingine yeyote.

Tangazo lilikuwa liishie hapo. Mutindi alilisoma akacheka vizuri, kisha akamwuliza baba yake, bila ubaya wowote, yeye alisema nini mwaka ule wa fomu. Mutindi alikuwa shule ya bweni, hakujua. Mumeo akakaa na karatasi siku mbili.

Wiki ile ya fomu kulikuwa na barua ya kupelekewa hedimasta. Ilipigwa taipu stesheni ya Emali, kwenye karatasi nzuri, kwa Kiingereza safi kisicho na kosa. Ilianza hivi: Mimi, Kalunde, ninakiri kosa langu, ninaomba radhi, na ninakubali jina la mwanafunzi huyo lifutwe. Ilikuwa imebaki sahihi tu. Ulisimama mlangoni ukaisoma yote mpaka mwisho, kama unavyosahihisha daftari, kisha ukauliza, "Huyu mimi ni nani?"

Ulikoka nayo moto, na miaka yote ya Nuu hukuitaja hata mara moja.

Barua ile niliiandika mimi, Kilonzo. Hakuna aliyenituma. Hedimasta alitisha tu. Mimi nilikaa nikachagua maneno. Niliogopa kurudi mwisho wa mwezi nikute nyumba haina mtu, na kwa sababu hiyo ningemfuta mtoto wa watu na kukuwekea wewe maneno yangu kinywani. Mwaka mzima nimemdharau yule mtu wa maiki, na ni kweli anastahili, lakini yeye alingoja ufe kwanza. Mimi nilikusemea ukiwa hai, umesimama mbele yangu. Sikuwahi kukuomba msamaha. Nakuomba leo, hapa, watu wakisoma.

Jumapili mimi sitazungumza. Nimempelekea Syokau ujumbe chuoni, ameitikia kwamba atakuja, na atakayosema hakuna mtu aliyemwandikia.

Wanaokulilia ni mimi mumeo Kilonzo. Wanao Mutindi na Muli. Dada yako Mumbua. Qamar na watu wake wa Nuu. Na Syokau, uliyembakiza kwenye orodha. Upo nasi kila siku, Mama Mutindi, na kukusahau hatutaweza.