Jumamosi Zako Zilikuwa za Robai

Mabanga, Jumamosi, Julai 1992

Baba Nekesa,

Mvua ilinikuta kabla sijafika Bungoma mjini. Kitabu chako cha maktaba nilikuwa nimekifunga kwa nailoni, nikakikumbatia. Kimekaa nyumbani tangu tulipokuzika. Nekesa alipokuja kutoka Kitale aliniambia nikirudishe, si chetu.

Maktaba ni ndogo kuliko nilivyodhani. Kila Jumamosi ulipotoka, niliwaza jengo kubwa la watu waliosoma kunizidi. Kumbe ni chumba kimoja na mabenchi. Nikauliza ulikuwa ukikaa wapi. Binti wa mezani akashangaa.

"Mwalimu hakuwa anakaa hapa, mama. Alikuwa anachukua kitabu, anavuka kwa Robai."

Kwa Robai.

Ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko kwenye baraza ya duka la vitambaa la Kalasinga, ng'ambo ya barabara. Mwanamke wa umri wangu. Nilipotaja jina lako aliacha kushona, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Woi, pole sana, dada. Mimi si sikuenda shule? Alikuwa ananisomea nikishona. Na vile alikuwa anaigiza sauti ya yule mama mkwe wa kitabuni, bana! Wateja walikuwa wanasahau nguo zao hapa."

Sauti gani? Mimi sikuwahi kuisikia. Nilipokuuliza kitabu kinasema nini, ulinijibu, "Si umesoma? Soma mwenyewe." Nilidhani ni heshima. Leo nimetamani ningekuwa sijui hata herufi moja.

Halafu nikaona kapu lake la vipande. Kitambaa cha buluu chenye maua meupe, kile kile ulichokiacha katikati ya kitabu kuwa alama.

Robai naye alikuwa amekiona kitabu. "Tulifikia hapo. Mume amerudi nyumbani na aibu yake yote. Dada, bibi alimsamehe ama alimfukuza?"

Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli. Nikavuka barabara tena. Binti wa maktaba akaniongezea wiki mbili za kukaa nacho. Kitabu nikakifunga upya kwa nailoni, huku Robai akinitazama kutoka ng'ambo, pini mdomoni.

Jioni hii, mboga ya saga ikichemka, nimesoma kutoka kwenye kitambaa mpaka mwisho. Kwa sauti. Nimejaribu hata sauti ya mama mkwe, kuku wakatoka mbio jikoni. Nimecheka. Kisha nimelia.

Sasa najua alichofanya yule bibi. Wewe hukufika hapo. Robai hajafika. Ni mimi peke yangu.

Jumamosi ijayo nitakwenda kumsomea, maana aliniuliza vizuri na hana kosa. Lakini wiki hii mwisho ni wangu, na simpi mtu.

Huko uliko, ukiikumbuka ile baraza, nikumbuke na mimi niliyekuwa nyumbani nikikuwekea chai.