Kisamaki cha Ndivani

Gonja, Same

Ndugu yangu Anderson,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Hamjambo wewe na shemeji? Joto la Tanga linawaacha mlale? Sisi tupo, mahindi yamesimama vizuri. Ila mama yako haendelei vizuri, na kwa simu nimeshindwa kukueleza.

Vile visamaki vya plastiki vya kuvulia, vyenye ndoana tumboni, ulivyonitumia kwa basi vilifika salama. Ni vidogo kama kidole, na kweli, ule ulimi wa mbele unavizamisha chini kila ukivuta uzi. Uliniagiza nikavulie bwawani Kalemawe, penye kina. Mimi na haraka zangu, nikaona Kalemawe mbali, nikaenda kujaribu kimoja kwenye ndiva yetu, ingawa najua kuvua pale ni marufuku. Ni bwawa la maji ya kumwagilia mashamba ya watu wote. Kikazama mpaka kwenye tope, kikanasa, uzi ukakatika. Nikasema potelea mbali.

Haukupita muda ikatangazwa siku ya msaragambo. Maji yakafunguliwa, kijiji kizima tukaingia ndivani peku kuzoa tope. Mama yako alikuwa ubavuni kwangu, ananitania kwamba nabeba karai kama bwana harusi. Mara akainama, akashika mguu. Akachomoa kitu, akakifutika kwenye kanga, akawaambia watu ni mwiba. Mimi nilikiona, Anderson. Nikaendelea kuzoa tope.

Sasa amelazwa Same mjini, mguu umevimba mpaka gotini. Kila daktari akimuuliza, jibu ni mwiba. Nilimfuata daktari pembeni nikamwambia ni ndoana. Nilichoweza kusema ni hicho tu.

Jana mama alinivuta karibu na kitanda, akanionyesha kile kisamaki. Alisema ni chako, maana Krismasi alikukuta ukichezea visamaki kama hivyo ukingoni mwa ndiva akakugombeza. Amekificha ili wazee wasikutoze mbuzi na jina lako lisitajwe mkutanoni. Nilifungua mdomo nimwambie ni changu, nikajikuta namuuliza kama amekula. Nimejuta, ndugu yangu, na najionea haya.

Nakuomba uje upesi. Nitakungoja stendi ya Same, twende wote wodini nikaseme mbele yako, kwani peke yangu nimeshindwa. Msalimie sana shemeji.

Barua hii mama mwenyewe ndiye aliyenituma niiandike. Alisema nikuambie usiwe na wasiwasi, amekusamehe.

Ni mimi rafiki yako,
Agape