Nilivyotafsiri Ahadi za Kiran na Aline

Jumapili. Mvua imenyesha tangu asubuhi, mtaa wetu wote wa Cibitoke ni matope, na mimi nimejifungia ndani kwa aibu.

Jana nilidanganya ukumbi mzima, mbele ya moto mtakatifu wa watu.

Kwa miaka kumi na minane nimeuza vitambaa katika duka la Wahindi, na miaka yote hiyo nimejigamba mtaani kwamba nakijua Kihindi. Ninachokijua ni Kigujarati cha dukani: mita ngapi, rangi gani, kunja, funga. Kwa hiyo Kiran, mtoto wa bosi, alipomposa Aline, binti wa jirani yangu, nilialikwa na pande zote mbili.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka maharusi walipoambiwa wapige hatua saba kando ya moto, kila hatua na ahadi yake. Papa Aline, mtu wa Uvira, akasimama.

"Apana! Mutoto yangu hatakanyaga hata hatua moja mi sijajua anaahidi nini. Mama Zuhura, we si unajua Kihindi? Tuelezee."

Aline akaniangalia, machozi yanamlengalenga. Ningesema sijui, ndoa ingevunjika palepale.

Kuhani wao, mgeni kutoka India asiyejua Kiswahili, akasoma. Kumbe ni Kisanskriti, lugha yao ya kale ya ibada, ambayo hata Kiran mwenyewe haijui. Sikuambulia neno.

"Ya kwanza," nikasema, "bwana hatampandishia mke sauti."

Papa Aline akaitikia kwa kichwa. Nami nikanogewa. Ya pili, mke ataendelea kula ndagala wake hata kama wakwe hawali samaki. Ya tatu, atapelekwa kwao Uvira kila mwezi. Ya nne, mume ataosha vyombo. Hapo akina mama wakapiga vigelegele mpaka kuhani akapoteza mstari. Astaghfirullah, ulimi ulikuwa unateleza wenyewe.

Baada ya ahadi ya saba Papa Aline akamgeukia bwana harusi. "Umekubali yote hiyo?"

"Nimekubali, papa. Yote."

Maskini Kiran, naye aliniamini.

Leo mchana ameniandikia ujumbe. Anaomba ahadi zote saba kwa maandishi, azibandike jikoni asije akasahau hata moja.

Mimi nakumbuka nne.

Kesho nitakwenda kumwambia ukweli. Lakini Aline naye ameniandikia kwamba vyombo vya leo vimeshaoshwa, na hakuviosha yeye. Sasa nikaungame, au nikae nitunge tatu?