Kinanda cha Baba

Nyumbani, Juni 1704

Kaka yangu mpendwa Marten,

Salamu nyingi zikufikie huko Hamburg, pamoja na za Baba na Dada Wiebke. Natumaini kikohozi chako kimepoa na bwana wako wa kiwanda cha bia hakutumikishi kupita kiasi. Sisi tu wazima, isipokuwa mikono ya Baba. Vidole vimevimba, na asubuhi Wiebke humfunga vifungo vya koti kama mtoto.

Kwa hiyo wazee wa mji wametafuta wa kumrithi. Desturi unaijua: atakayepewa kinanda cha kanisa sharti amwoe binti wa mpiga kinanda anayeondoka, ili familia isikose paa. Hata Baba alimpata Mama hivyo. Wawili walikuja, wakamwona Wiebke na umri wake, wakakumbuka kuwa wana shughuli za haraka makwao. Wa tatu, Detlef Brandes, amebaki.

Kaka, sikumpenda tangu aliposhuka kwenye gari la farasi. Ni kijana bado, na anakula samaki wetu kama mwenyeji. Jumamosi alifanyiwa mtihani. Wazee walimpa tuni moja ya kanisani, naye akaigeuza kuwa sauti nne zinazofukuzana, moja ikikimbia, nyingine ikiingia kwa mlango wa nyuma, kisha miguu yake, kwenye kanyagio za kinanda, ikaleta ya tano chini kabisa. Nilikaa nikitafuta kosa. Sikulipata, nikawa kama mtu aliyemeza kaa la moto. Mzee Tewes, anayetukanyagia mivukuto inayokipa kinanda upepo, alishuka akihema, akaniambia kuwa kijana huyu anakula upepo mwingi kuliko baba yangu, lakini walau anaushukuru.

Mezani nilishindwa kula. Wiebke akanitania mbele ya wote kwamba nimekonda kwa wivu, na kama namtaka bwana harusi wake nimchukue tu, yeye atabaki na Harmen mwoka mikate, mwenye kitambi na watoto wawili, ambaye angalau hamjii mikono mitupu. Wakacheka. Niliwaka masikio, nikajifanya naokota makombo, kama unavyonijua.

Ndipo Brandes akamgeukia Baba. Alisema amejifunza muziki wote wa Baba tangu utotoni, ila ule wa Pasaka hii, aliouona kwenye karatasi kanisani, unaushinda wote, akauliza mtu mwenye mikono hiyo aliipata wapi furaha ile. Baba aliangalia sahani yake, akajibu kwamba Mungu humpa mzee anachotaka kumpa.

Sasa nikuambie, Kaka, ambalo sikuthubutu kukuandikia. Tangu nilipomaliza shule wakati wa Krismasi, anayepiga ibadani ni mimi. Roshani ya kinanda iko juu na watu hawaoni. Tewes anajua, na amenyamaza. Muziki wa Pasaka ni wangu, sauti zote. Wivu ninao kweli, ila Wiebke amekosea ni wivu wa nini. Ninamwonea Brandes wivu kwa ajili ya benchi lile la kinanda. Na siku ile, Mungu anisamehe, hata Baba nilimwonea wivu kwa sifa aliyoimeza pamoja na supu.

Baada ya chakula nilimwomba Brandes anifuate roshanini, nikampigia muziki ule hadi mwisho. Akauliza sasa ninataka nini kwake. Sijui mdomo ule niliutoa wapi. Nilimwambia kwamba desturi inamtaka amchukue binti ili apate kinanda, basi mimi nitamchukua yeye ili nipate kinanda, na benchi tutagawana. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema amekubali, ila jina langu liandikwe juu ya kazi zangu. Wazee wanasema binti ni binti, na Wiebke amekimbilia kwa Harmen bila hata kuvua aproni.

Lakini usinipongeze bado. Jana Brandes aliupiga muziki wangu wa Pasaka peke yake, akaupiga vizuri kuliko mimi. Nilipanda ngazi, nikamwambia anipishe benchini.

Baba anakuombea baraka, na Tewes anauliza kama bia ya huko inafika huku. Vaa shali yako. Harusi zote mbili ni msimu wa mavuno, nasi tutakuwekea nafasi mezani.

Dada yako mdogo akupendaye,
Geseke