Kompyuta Imesema Mia Mbili

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Imefika! Imeshushwa kwenye basi la Dar ikiwa imefungwa blanketi, na Bosi Urbani akaipokea kwa mikono yake mwenyewe – yeye ambaye hata kiti chake huvutiwa. Nusu ya mtaa wa Majengo ilisimama mlangoni kwa ofisi yetu kushangaa. Nyuma ya kompyuta akashuka shemeji yake Bosi, Aidan, mtu mzima wa miaka arobaini, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Kasoma kozi ya wiki tatu huko Dar. Basi, ndiye mtaalamu. Wiki tatu! Mimi nachora ramani mwaka wa ishirini na mbili huu: kumi na sita Serikalini mpaka waliponipunguza, sita hapa kwa Urbani.

Bosi katukalisha chini. Eti programu hii haichori mistari, inajenga nyumba nzima humo ndani ya kioo. Na ofisi ni ndogo, atabaki mchoraji mmoja. Atakayeitoa vizuri wodi ya wazazi ya kijiji cha Maposeni kwenye mashine, huyo ndiye anabaki. Mwisho wa Septemba meza yangu ya kuchorea inaondoka. Alikuwa anasema hayo huku anaitazama kalenda ukutani.

Nipunguzwe mara mbili katika maisha haya? Na Aidan? Thubutu!

Jumatano, 4 Agosti

Zamu: asubuhi mashine ya Aidan, mchana yangu. Leo kwanza “katufundisha”. Kachora nyumba, kaizungusha, kaipaka paa jekundu, Bosi anapiga makofi. Nikamwuliza, mlango huo una upana gani? Akabofya. Thelathini na sita. Thelathini na sita nini? Sentimita, akasema, bila hata kupepesa macho. Mlango wa sentimita thelathini na sita! Labda anawajengea paka.

Mashine ilikuwa inahesabu kwa inchi, yeye anasoma sentimita. Chumba chake cha kulala kina zaidi ya mita kumi. Nimecheka mpaka Bosi kaniambia, Dada Severina, heshima kidogo.

Najiandikia hapa, maana yule hatanifundisha kitu. Kabla ya kugusa chochote, weka vipimo: milimita. Halafu iambie mashine sakafu iko wapi na kuta ziishie wapi, hata kama nyumba ni ya chini tu. Hapo ndipo uanze.

Ijumaa, 6 Agosti

Umeme umekatika saa nne na nusu. Aidan hakuwa ameseivu tangu alipokaa. Paa lote limekwenda! Kabaki anakitazama kioo cheusi, mdomo wazi. Nimemwekea chai mezani, nikarudi kwenye rula yangu.

Seivu kila ukuta mmoja ukisimama. Kwenye mashine, na kwenye diski. Diski ikae kwenye mkoba wangu, si kwenye droo anayoijua yeye.

Jumanne, 10 Agosti

Nimeanza kuishika. Si mnyama wa kutisha, ni bubu tu: inafanya unachoiambia, hata kama ni upuuzi. Ukuta humu si mistari miwili. Unaupa unene, unaupa urefu, unaiambia umejengwa kwa nini. Kona zikutane barabara. Zikiachana hata unywele, hesabu yote inakwenda kombo. Na usichukue milango na madirisha ya kwenye stoo yake, yote ya Ulaya. Paa nalo lilikuja na mteremko wa kuangushia theluji. Theluji, Maposeni! Aidan kaliacha hivyo hivyo, eti ndivyo lilivyokuja.

Tofali letu pia mashine haikulijua. Jioni nyumbani Lizaboni nimetoka na rula nikapima tofali za tanuru la jirani, moja moja, ishirini nzima. Jirani anadhani nimechanganyikiwa. Nimeiandikia mashine kipimo cha kati.

Na kuna kitu wanaita leya. Aidan kakieleza nusu saa nzima, akajifunga mwenyewe. Mimi nimeelewa mara moja: ni karatasi za trasi tu! Zile nyembamba zinazoonyesha cha chini yake. Miaka yote sichori kipya kabla sijatandika cha zamani chini, nikikosea nirudi. Hivyo leo nilipotaka kusogeza kuta za chumba cha kujifungulia, kwanza nimenakili kuta zote, za zamani nikaziweka kwenye leya yake, nikaiita AKIBA, nikaifunika isionekane. Safi. Aidan yeye anafuta tu, anafuta, halafu anakuna kichwa. Hana lolote yule.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeshinda! Wodi imesimama, na mashine imehesabu matofali yenyewe. Bofya moja tu: 41,600. Ya Aidan haihesabu chochote, kona zake zote ziko wazi. Bosi kanipa mkono mbele yake. Uamuzi, kasema, siku ya kupokea matofali kijijini, lakini yeye ameshaona mwanga.

Mwenyekiti wa Maposeni, mzee Fidelisi, kaja mwenyewe kuchukua karatasi. Bati na saruji wafadhili wameahidi, matofali ni nguvu za wananchi. Kijiji kina kaya 208. Kila kaya mia mbili, inagawanyika bila kubaki hata moja! Mzee kaishika ile karatasi kwa mikono miwili, kaikunja, kaiweka ndani ya kofia.

Jumamosi, 21 Agosti

Kaja fundi Polikarp, atakayejenga. Nafanya naye kazi tangu Serikalini, na hajawahi kujenga mstari wangu hata mmoja bila ubishi. Kasimama mlangoni, shikamoo yangu kaipokea nusu nusu. Kasema amepita uwanjani Maposeni, amepima kwa hatua za miguu, na yeye anaona elfu ishirini, ishirini na moja, na za kuvunjika ndani yake. Sasa hii elfu arobaini inajenga nini, kanisa?

Nimemchapa! Nimemwambia, fundi, miguu yako na hii mashine nani alisoma? Nikamwonyesha kwenye kioo, nikaizungusha wodi mbele yake, nikaipasua ikaonyesha ndani. Halafu kavua kofia – Polikarp, kavua kofia! – akasema, kama kompyuta imesema, basi, mimi ni nani.

Raha niliyoipata! Miaka ishirini na mbili nangoja siku hiyo.

Jumatatu, 6 Septemba

Habari za Maposeni kutoka kwa mzee Fidelisi. Matanuru yanawaka kila kona, moshi mtupu. Kila Jumapili baada ya misa, majina ya kaya zilizopungukiwa yanasomwa nje ya kanisa. Kuna waliolalamika kwamba zahanati ile ya zamani ilijengwa kwa tofali hamsini tu kila kaya. Mzee anawajibu neno moja: kompyuta imesema mia mbili. Wanarudi kwenye matanuru.

Wavivu. Wodi ni ya wake zao wenyewe, halafu wanahesabu tofali! Watu hawa ukiwaletea maendeleo mlangoni watauliza mbona hukubisha hodi.

Aidan sasa ananiuliza mimi namna ya kuunganisha kona. Ananiita Mwalimu. Nimemwonyesha, lakini haraka haraka asishike.

Jumatano, 15 Septemba

Siwezi kula.

Mchana nilikuwa naandaa picha ya mwisho, ya kubandika uwanjani keshokutwa. Nikawasha leya zote ili nisiache kitu. Nikaona ukuta wa stoo umekaa vibaya, nikaufuta. Ukuta ukabaki palepale. Nikafuta tena, ndipo ukaondoka.

Nikasema mashine inaumwa. Nikajaribu ukuta mwingine. Nimefuta, upo. Nimefuta mara ya pili, haupo. Nikafungua orodha ya leya.

AKIBA. Kuta zangu za chini ya karatasi! Nilizifunika mimi, macho yangu yakaacha kuziona. Mashine haikuacha. Imezihesabu zote, moja moja, tangu siku ile. Wodi mbili, moja ndani ya nyingine. Kipande cha chumba cha kujifungulia tu ndicho kilichosogea, urefu uleule.

Nimezirudisha kuta mbili nilizofuta, nikaifuta AKIBA yote, nikabofya. 20,800.

Tofali mia kwa kaya. Mia! Polikarp kapiga hatua kwa miguu akapata, mimi nikamchapa kwa kioo.

Mezani kwangu, trasi ya chini haijengi kitu. Miaka ishirini na mbili nimetandika karatasi chini ya karatasi, na hakuna mtu aliyewahi kufyatua tofali hata moja kwa sababu ya karatasi ya chini. Mjinga mimi! Mjinga mkubwa, na mdomo juu.

Kanuni, basi, kwa kuwa nilijitia kuandika kanuni: ulichokificha bado kinahesabiwa. Kabla hujatoa hesabu, washa kila leya, ukague. Na hesabu kwa kichwa pembeni, hata juujuu. Na mtu aliyejenga miaka arobaini akikuambia nusu, funga mdomo uangalie tena.

Aidan kapita nyuma yangu, kauliza, Mwalimu, kuna shida? Nimezima kioo.

Alhamisi, 16 Septemba

Nimefikiri sana. Matofali hayaozi. Yatakayobaki watajengea uzio, na vyoo, na nyumba ya nesi. Naweza kusema kompyuta iliweka na ya uzio. Nani atabisha? Hakuna aliyekufa. Kuchoka wamechoka, lakini kuchoka si kufa.

Nikisema kweli, Bosi atafanya nini? Najua atakachofanya. Ataitazama kalenda. Na Aidan atakaa kwenye kiti changu, Aidan wa milango ya paka, aliyekosea kila kitu isipokuwa hiki, kwa sababu hata kuhesabu hakuweza!

Nimejaribu maneno mbele ya kioo cha kabati: “Na ya uzio.” Yanatoka vizuri. Nimejichukia kwa namna yanavyotoka vizuri.

Ijumaa, 17 Septemba

Maposeni. Naandika hapa hapa uwanjani, daftari liko kwenye goti, Bosi na Aidan hawajafika, gari lao liko njiani.

Matofali! Sijaona matofali mengi hivi mahali pamoja. Yamepangwa vizuri kwa safu, kila safu ina jina la kaya kwa chokaa. Mzee Fidelisi kanizungusha zote, anajivuna. Kaya 207 zimekamilisha. Mahindi bado yako shambani kwa wengine, hawakupata muda wa kuyavuna. Nimeletewa togwa, nimeinywa bila kuisikia. Polikarp yupo, amekaa kwenye kivuli cha safu ya mwisho. Nimemwamkia, kaitikia vizuri, hata hakunisimanga. Ingekuwa nafuu angenisimanga.

Nimemwuliza mzee, kaya moja iliyobaki ni ya nani? Kasema Bibi Kasiana, mjane, anakaa peke yake kule juu ya kisima. Tanuru lake lilibomoka moto ukiwa ndani, tofali zikatoka mbichi. Walisema wamsamehe, yeye kakataa. Kasema jina lake halisomwi nje ya kanisa Jumapili ya nne.

Na huyo anakuja. Tofali nne kichwani juu ya kata, anatembea pole pole. Si za tanuru jipya. Zina masizi. Upande mmoja nyeusi tititi.

Nimemsaidia kuzishusha. Shikamoo Bibi. Marahaba mwanangu. Nikamwuliza, Bibi, hizi umezitoa wapi? Kasema, jikoni kwangu. Jiko nililojengewa na marehemu, ukuta wa mbele umekwisha, na wa pembeni umekwisha. Zimefika mia na tisini. Kasema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Mia na tisini! Tisini zote hizo hazikutakiwa na mtu yeyote, ila mimi na karatasi yangu ya chini.

Gari la Bosi linaonekana, vumbi lake limefika kwenye mparachichi wa kanisa. Mzee Fidelisi anawaita watu wakae. Aidan amevaa tai. Bosi ananipungia mkono, anacheka, amefurahi kweli. Polikarp ananitazama mimi, si gari.

Bibi Kasiana hajaondoka. Amefuta masizi viganjani kwa khanga, amesogea karibu, ananiuliza taratibu kwa sababu anaona ninaandika na hataki kunikatiza. Kasema wamemwambia mimi ndiye mama wa kompyuta. Kasema ukuta wa nyuma bado una tofali nzuri, ila ndio unaozuia upepo kwenye moto. Basi nimwulizie kompyuta: zile kumi zilizobaki azitoe hapo leo, au inaweza kumwachia?