Nilifuta Kovu la Mama Yake Kwenye Bango

Mshauri wetu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimeinamisha kichwa, naomba unisaidie na usinionee haya, maana nimefanya jambo ambalo kila mtu ananipongeza kwalo, na mimi mwenyewe nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke niingie.

Mimi ni mwalimu wa kozi ya likizo, tunafundisha usanifu wa kidijitali, yaani mabango, katuni na video fupi, kwa wanafunzi wa miaka kumi na mbili hadi kumi na sita, wiki nne, kompyuta kumi na moja kwenye chumba kilichokuwa stoo ya viti, na kabla ya hapo nilikaa miaka kumi na minne kwenye duka la uchapaji nikitengeneza kadi za harusi na kalenda, na kule, mshauri, mteja hakwambii umtoe chunusi, unamtoa tu, na akija kuchukua kazi yake anajiona kapendeza na anaondoka anacheka, kwa hiyo mkono wangu umezoea hivyo, ukiona doa unafuta kabla akili haijauliza.

Mwaka huu nilikuwa na binti wa miaka kumi na minne ambaye wenzake walimwita Kobe kwa sababu alikuwa wa mwisho kumaliza kila zoezi, na kweli alikuwa wa polepole, siku tatu nzima alihangaika na kipanya akijifunza kukata picha moja, lakini ana jicho mtoto yule, na zoezi la mwisho lilipokuwa bango la mtu unayemfahamu akiwa kazini, wenzake wakaleta baba zao wamevaa suti, yeye akaleta mkono wa mama yake, mkono tu, bila uso, kwa sababu mama yake anapiga pasi kwa dobi, mkono umeshika pasi, mvuke unapanda, na hapo chini ya kiwiko kuna kovu refu la kuungua, na mkono wenyewe akauweka chini kabisa pembeni, juu akaacha peupe, kisha akaandika kwa kalamu ya wino mzito MAMA YUKO KAZINI, herufi zimepanda juu kama zinapanda ngazi, akaziskani na kuziingiza.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi, na Ijumaa mchana wanafunzi walipokwenda kula mkuu wa kituo akapita darasani akaniambia, "Mwalimu, mwaka jana wazazi walitucheka, mwaka huu sitaki aibu," basi nikakaa kwenye kiti cha Kobe nikisema nanyoosha kidogo tu, nikanyoosha herufi, nikaona hazikai sawa nikaweka za kompyuta, nikauleta mkono katikati, na mara nikajikuta nimeshika kile kifaa cha kufutia madoa, nikalifuta kovu lote, mkono ukawa laini kama wa tangazo la sabuni, kisha nikahifadhi juu ya kazi yake, na nakala nyingine hakuna ila karatasi ndogo ya majaribio aliyoichapa Jumatano, iko kwenye droo yangu.

Jumamosi watu walipiga makofi, mkuu akampa Kobe nafasi moja kati ya mbili za kozi ya juu likizo ijayo, na akasema bango litachapwa kubwa libandikwe mapokezi, na mama yake alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akasimama mbele ya lile bango muda mrefu, akashusha mkono wa blauzi yake mpaka kwenye kifundo, akaniambia, "Asante mwalimu, mmenipendezesha," na binti akanisogelea akauliza polepole, "Mwalimu, mimi nilikosea wapi?" nikamjibu, "Hukukosea, nimenyoosha kidogo tu," akasema, "Sawa mwalimu," na tangu siku hiyo hajakanyaga kituoni, ingawa kozi bado haijaisha.

Juzi mama yake kanipigia simu, anasema binti hataki hiyo nafasi, eti ni ya mwalimu, na mama wa watu ananibembeleza, "Wewe anakusikiliza, hebu ongea naye," na jina lake lazima lithibitishwe Ijumaa hii, nikimweleza mkuu ukweli naogopa mtoto atanyang'anywa nafasi na mimi nitakosa kazi, nikinyamaza mtoto anapotea hivi hivi, sasa nauliza, je, ni vibaya nikimshawishi tu aikubali, halafu likizo ijayo nimfidie kwa kumfundisha kwa moyo wangu wote?

Ni mimi,
Mkono Mwepesi

MSHAURI ANAJIBU

Mkono Mwepesi, pole kidogo. Kidogo tu, maana mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nakufahamu wewe na wenzako. Unaiona picha yangu hapo juu ya ukurasa? Kijana mmoja wa hapa gazetini alinitoa makunyanzi yote bila hata kunibishia hodi, na wiki iliyopita msomaji alinikuta benki akaniuliza kama mimi ndiye mama yake mshauri. Nilicheka, kwa sababu ni sura yangu na nimeshazeeka nayo. Mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kucheka, hasa anapofanyiwa na mtu aliyemwamini.

Umeandika barua ndefu, umenieleza habari za nafasi, za kazi yako na za mkuu wako. Hujaniambia kitu kimoja. Yule mama alipotazama bango lenye jina la mwanawe, akaona mkono wake hauna kovu, alidhani nani amelifuta? Si wewe, bwana. Hajui hata kama uligusa. Alidhani ni binti yake. Alidhani mwanawe anauonea haya mkono uliomlea, ndiyo maana akaufunika, na bado akakushukuru. Na binti alisimama pale akamwona mama yake akishusha nguo. Halafu wewe unashangaa mbona haji darasani!

Niliposoma hapo niliiweka barua yako chini nikatoka kunywa maji. Nilikasirika, nakwambia wazi. Nikarudi kwa sababu umeandika, na mtu asiyejali haandiki.

Kumshawishi aikubali nafasi, hapana. Ukifanya hivyo utakuwa umemfundisha kwamba kazi yake inapendwa ikishakuwa ya mtu mwingine, na hilo hata ukimfundisha likizo kumi halitamtoka.

Leo hii toa ile karatasi ya majaribio kwenye droo. Nenda nayo kwao saa ambayo mama yupo, maana hawa wawili lazima wasikie pamoja. Usianze kwa kumsifu mtoto, sifa zako kwa sasa hazina thamani kwake. Sema, "Mama, mwanao aliliacha kovu lako lionekane. Mimi ndiye niliyelifuta, bila kumwuliza." Mpe mama karatasi aishike aitazame. Kisha mgeukie binti, umwambie hakukosea popote, mwenye kosa ni wewe. Usiongeze "lakini". Habari za mkuu na aibu ya mwaka jana usizipeleke nyumba ya watu.

Ukitoka hapo nenda kwa mkuu kabla ya Ijumaa. Mwambie lile bango lisichapwe, na mwombe aamue nafasi kwa karatasi ya Jumatano. Inawezekana akampa, inawezekana asimpe. Mtoto anaweza kuvumilia kukosa kitu kwa kazi yake mwenyewe. Wewe utafokewa, pengine zaidi ya kufokewa. Ukilikoroga utalinywa, na kazi ya mikono unayo, hutalala njaa.

Kobe akitaka kulitengeneza upya, mfungulie kompyuta, kaa kiti cha pili, mikono mfukoni. Akikuuliza, jibu kwa mdomo. Akichukua siku tatu, zichukue naye. Na tangu sasa, darasani kwako usishike tena kipanya cha mwanafunzi, hata bango likiwa limepinda kiasi cha kukuuma meno.

Na kama utamwomba radhi akakataa, akakwambia hataki kukuona wala kuliona darasa lako, utatamani kubaki pale kibarazani ukimweleza ulivyokuwa na nia njema. Usibaki. Itikia, muage mama, uende zako. Hasira hiyo ni yake, ameitengeneza mwenyewe, na wewe usiinyooshe.