Kabureta ya Baba Inavuja

Jumamosi, 6 Desemba

Ndizi zimeshapakiwa, Baba bado kainama kwenye injini. Petroli inadondoka kutoka kwenye kabureta. Pikapu hii imenizidi umri, silinda sita, na kila mwaka ina ugonjwa wake. Huu siupendi. Kabureta iko juu ya ekzosi. Tone likiangukia pale chuma kimepata moto, kwisha habari.

Baba kafuta na kitambaa, kafunga boneti, tukashuka Kiboriloni kuuza. Kushuka, salama. Kupanda kurudi Marangu, harufu ikajaa kabini mpaka nikatoa kichwa nje. Mlango wa upande wangu haufunguki kwa ndani. Niliufikiria huo mlango njia nzima.

Jumatatu, 8 Desemba

Baba kafungua kabureta uani tangu asubuhi. Gasketi mpya. Kaikunja tena floti, kile kiboya kinachoelea kwenye bakuli la petroli na kuifungia petroli njia bakuli likijaa. Nyuma ya bakuli kuna kioo kidogo. Petroli ikifika katikati ya kioo, imekaa sawa. Nimemshikia tochi tangu nasoma darasa la pili, sijawahi kumwona akikosea. Leo ilifika katikati kabisa. Tukafurahi wote wawili.

Jumatano, 10 Desemba

Inavuja. Kwenye mlima wa kwenda kanisani boneti likatoa moshi mwembamba. Baba anasema ni vumbi. Vumbi, na mvua hii! Nilikasirika hadi nikashindwa kula.

Kaka Deo kapiga simu kutoka Dar. Watoto wake wanakuja Krismasi, watashuka stendi ya Moshi tarehe ishirini. Baba kashaahidi kuwafuata na pikapu. Watakaa kabini, wasilowe. Sikumwambia Deo kitu. Nimwambieje kwamba Baba kashindwa na gari lake mwenyewe?

Ijumaa, 12 Desemba

Nimejua. Bora nisingejua.

Nilikuwa naosha pini ya kabureta kwenye karai. Petroli yote ikalalia upande mmoja wa karai. Uani kwetu ni mteremko, na pikapu huwa inaangalia chini barabarani kwa sababu starta imechoka, tunaiwasha kwa kuiserereza. Ikikaa hivyo petroli inainamia mbele. Kile kioo cha nyuma ya bakuli kinaonyesha pungufu, naye Baba anaongeza. Gari ikianza kupanda, bakuli linafurika.

Tambarare tulikuwa nayo moja tu, nyuma ya jiko la zamani, kwenye migomba. Miaka yote Baba aliipimia pale. Mwaka jana tulimzika Mama pale pale. Baba ndiye aliyechagua.

Jumapili, 14 Desemba

Nimejaribu. Nikamwambia Baba tuipeleke mjini kwenye uwanja ulionyooka. Akasema gari lake halijawahi kupimiwa kwa watu. Akaenda kukaa kaburini na kikombe chake cha chai. Nilishindwa kuendelea. Mimi mwoga.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimeficha ufunguo wa pikapu kwenye gunia la maharage. Baba hajauliza. Kutouliza kwake kunanitisha kuliko angefoka. Usingizi sina. Nikifumba macho nawaona wale watoto wanagonga kioo cha mlango.

Jumamosi, 20 Desemba

Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe. Kurudi, uani hakuna gari. Kumbe ana ufunguo wa pili.

Nikachuma jani la isale, nikaita bodaboda. Kwetu ukiletewa isale umeombwa msamaha, na hukatai. Mimi nilikwenda kumwomba anisamehe kwa nitakalosema. Njia nzima nikiangalia kama kuna moshi mbele.

Nikawakuta stendi. Watoto wameshapanda. Nikafungua mlango, nikawashusha wote, ndipo nikapiga goti mbele ya watu. Shikamoo Baba. Nikampa isale. Nikamwambia yote, karai, mteremko, pale alipo Mama.

Akalipokea lile jani.

"Unadhani sikujua pale uani hapako sawa, Filomena? Nilidhani jicho langu litafidia. Sasa ningefanyaje? Ningemwambia mama yako asogee?"

Akanipa ufunguo. Akawachukua watoto, wakapanda Hiace. Kabureta niliipima palepale stendi, chini pamenyooka, nikaikunja floti hadi petroli ikakaa katikati ya kioo, peke yangu, kwa mara ya kwanza. Vijana wa stendi wakanisukuma ikawaka, nikapanda mlima peke yangu. Kila kona nilisubiri harufu. Haikuja.

Jumapili, 21 Desemba

Haivuji. Asubuhi nimetazama chini, pakavu.

Baba kavaa koti lake la kanisani, akasema nimpeleke. Watoto wakatangulia kwa miguu. Akakaa kiti cha abiria, mikono juu ya magoti. Sikuwahi kumwona kutoka upande ule. Nilikuwa sijui kwamba kapungua hivi. Nikaendesha taratibu. Hakunielekeza popote.